Muhtasari niliouandika usiku

Kuna karatasi moja niliiandika mwaka 2007 ambayo mpaka leo ikinijia akilini naumia. Ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Pale chini niliandika kwamba wananchi wote kwa pamoja wameridhia kila kaya ichangie shilingi 10,000 za ujenzi wa shule ya kata, nikagonga muhuri, kesho yake nikaupeleka wilayani. Kwenye mkutano wenyewe walikuja watu 37. Kijiji kilikua na kaya zaidi ya 400. Na hao 37 hawakuridhia kitu, walikaa kimya tu, mzee mmoja akasimama akauliza kama mtu hana pesa anaweza kuleta mawe au kusomba mchanga, nikamwambia tutalijibu mwishoni, mwisho ukafika nikafunga mkutano bila kulijibu. Usiku nikawasha kibatari nikaandika "wameridhia".

Nilikua mtendaji wa kijiji, umri miaka 26, mwaka wa kwanza kazini, wilaya ya Sengerema, ule upande wa magharibi wa ghuba la Mwanza ambako enzi hizo lazima uvuke na kivuko toka Kigongo uteremkie Busisi. Na kwa asiyejua, mtendaji hachaguliwi. Mwenyekiti wa kijiji ndo anapigiwa kura, na wenyeviti wa vitongoji, na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Mtendaji anaajiriwa na halmashauri ya wilaya, analetwa, anakaa. Mimi kipindi hicho sikua naona tofauti yoyote, nilikua naona sote ni serikali basi.

Tukaanza kukusanya. Wenye nacho walitoa, wengine wakasema wasubiri pamba inunuliwe, mimi nikawa nasukumwa na tarehe maana kila wiki naulizwa asilimia ngapi, basi nikatoa mgambo wapite nyumba kwa nyumba. Wakarudi na baiskeli mbili, redio, kuku, na mbuzi jike mwenye mimba wa mama mmoja mjane. Nilimwona yule mbuzi amefungwa nyuma ya ofisi na sikusema afunguliwe. Nilichokifanya nikaandika stakabadhi.

Baada ya wiki kama mbili hivi nikaanza kuona mambo yamebadilika. Naenda kisimani, kinamama waliokua wanaongea wananyamaza, mmoja mmoja anajitwisha ndoo anaondoka hata kama haijajaa. Naenda dukani kununua chumvi naambiwa imeisha na mimi naiona pale rafuni. Nasalimia mtu "mwangaluka" asubuhi, na kwa Msukuma kutokuitika salamu ni jambo zito sana, lakini haitikii mtu. Mtoto wa jirani aliyekua ananiletea maziwa hakuja tena. Nikagundua nimetengwa. Kwetu hiyo ni hukumu kabisa, watu wanakaa kikao chao wenyewe, sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, wanakua na ntemi (chifu) wao na katibu wao, wanaamua, na ukishatengwa hakuna wa kukupa hata moto wa kuwashia jiko mpaka ulipe faini uombe radhi. Walishafanya mkutano bila mimi, chini ya mti, wakajaa, na huko ndo waliamua. Yaani mkutano wangu wenye muhuri ulipata 37 na wa kwao ulijaa mpaka wengine wamesimama.

Nikaenda kwa bibi yangu, mzaa baba, alikua anaishi vijiji vitatu mbele. Nikamsimulia nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza kitu kimoja tu, "Mjukuu wangu, kwani wewe nani kakutuma?" Nikasema serikali. Akasema sawa, na hao watu je, wao walikutuma wapi? Nikakosa jibu. Ndo akaanza kunieleza habari za babu, ambazo nilikua nazisikia juujuu toka utotoni sijawahi kuzitilia maanani.

Sasa hapa nitachanganya ya bibi na yale niliyokuja kuyasoma mwenyewe baadae, maana baada ya ile siku nilianza kutafuta kila kilichoandikwa kuhusu Usukuma na mabaraza ya zamani, na kadri nilivyosoma ndivyo nilivyoona bibi alikua sahihi kwa mambo mengi.

Zamani, kabla ya Mjerumani, ntemi hakua mtu wa kujifanyia anavyotaka. Wazee waliokua wanashika mambo ya uchifu walikua wanamchagua kutoka kwenye ukoo, na urithi ulipita upande wa kike, yaani mtoto wa dada ndo anafikiriwa kwanza. Chini yake kuna banangwa wanaoshika magunguli, gunguli ni kama kijiji, na kuna banamhala ambao ni wazee, na kuna nsumba ntale anayeongoza vijana kwenye kilimo cha pamoja. Ntemi akishindwa, mvua ikagoma, njaa ikaingia, wanaweza kumwondoa. Na hata wasipomwondoa, watu wanahama tu, ardhi ilikuwepo, unafunga virago unaenda kwa ntemi mwingine, na ntemi asiye na watu si ntemi tena. Bibi alikua anasema "miguu ndo ilikua kura yetu."

Akaja Mjerumani, akaja Mwingereza baada ya vita ya kwanza, na Tanganyika haikua koloni moja kwa moja, ilikua chini ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, yaani League of Nations, baadae mwaka 1946 ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa huu wa sasa. Mwaka 1925 akaletwa gavana anaitwa Donald Cameron, na mwaka 1926 akatunga sheria ya mamlaka za wenyeji, watemi wakawekwa rasmi kwamba wao ndo serikali ya mahali, wana baraza la kuhukumu, wana hazina yao, na sehemu ya kodi inarudi kwao. Kwa nje inaonekana jambo zuri, na nikiri wazi kwamba Cameron aliheshimu mila kuliko wengi waliomtangulia. Lakini kuna kitu kimoja kilibadilika kimyakimya na mimi naona ndo mzizi wa yote. Zamani watu walimpelekea ntemi nafaka na nguvu zao, na yeye alizirudisha kipindi cha njaa. Sasa ile ikabadilishwa ikawa pesa, ikaunganishwa na kodi, ntemi akaanza kulipwa mshahara kutoka kwenye hazina. Yaani ntemi yule yule, kiti kile kile, ila anayemlipa na anayeweza kumfukuza ni Bwana Shauri, ndivyo walivyokua wanamwita mkuu wa wilaya Mzungu. Kwahiyo uso wake ukageuka. Alikua anatazama watu wake, akaanza kutazama boma la serikali.

Nilipofika hapo kwenye kusoma niliweka kitabu chini nikatoka nje nikatembea kidogo. Maana mimi pia mshahara wangu unatoka wilayani, naulizwa asilimia, na nilikua natazama huko huko.

Baada ya vita ya pili mambo yakaanza kubadilika London kwenyewe. Mwezi Februari 1947 waziri wa makoloni, Arthur Creech Jones, alituma waraka kwa magavana wote wa Afrika kwamba sasa wajenge serikali za mitaa zenye ufanisi na za kidemokrasia, wasitegemee machifu peke yao. Huku Usukuma kipindi hicho hicho watemi wa wilaya zote, kama 50 hivi, waliunganishwa kwenye shirikisho moja makao yake Malya, kule Kwimba. Leo ukisema Malya watu wanakumbuka chuo cha michezo, lakini pale ndo palikua kama mji mkuu wa Wasukuma, wakapanga mabaraza kama ngazi, gunguli lina baraza lake, utemi una baraza lake, wilaya, mpaka juu Malya, na kidogo kidogo wakaanza kuingizwa wajumbe wa watu wa kawaida pembeni ya watemi. Tulikua na mtu kama Kidaha Makwaia, ntemi wa Usiha kule Shinyanga, msomi, ambae yeye na Mangi (chifu wa Wachaga) Abdiel Shangali wa Machame ndo Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1945. Wa kuteuliwa, sio wa kuchaguliwa, lakini walikua wa kwanza.

Tatizo lilikua lile baraza lilipewa kazi gani. Serikali ilikua na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, ardhi ilikua imechoka na ng'ombe ni wengi, hilo kweli kabisa sio uongo, wataalam walikua na hoja. Basi zikatungwa sheria ndogo nyingi mno, lima matuta, yafunge katikati maji yasikimbie, panda mihogo ya akiba, weka samadi, punguza ng'ombe, lipia ukiuza ng'ombe, ng'oa mabua ya pamba na kuyachoma kabla ya tarehe fulani. Na zote zilipita kwenye mabaraza. Ukipinga unaambiwa ni sheria zenu wenyewe, watemi wenu wamezipitisha Malya. Usipotekeleza unashtakiwa kwenye baraza la ntemi, na faini inaingia hazina ya ntemi. Bibi alikua msichana Kwimba wakati huo, alisema baba yake alitozwa faini mara mbili kwa ajili ya matuta, sio kwamba alipinga matuta, alisema shamba lake liko mbugani kwenye udongo mzito maji yanatuama, ukifunga matuta pamba inaoza, na hakuna aliyekuja kuliona shamba. Aliuliza swali barazani akaambiwa litajibiwa.

Nilipomsikia bibi anasema hilo la "litajibiwa" nilijisikia kama ananisema mimi, na wala hakua anajua kuhusu yule mzee wa mawe na mchanga, sikua nimemwambia.

Wakahama. Wasukuma wengi walivuka kwenda Geita miaka hiyo, kulikua na ardhi na serikali yenyewe ilikua inahimiza watu wahamie huko kupunguza msongamano. Wilaya ya Geita ya enzi hizo ilikua inachukua mpaka huku Sengerema kote. Ndo bibi akaolewa na babu huku, ndo mimi nikaja kuzaliwa huku. Bibi alikua anasema walidhani wamepiga kura kwa miguu kama zamani, kumbe safari hii sheria zilivuka nao kwenye mtumbwi.

Mwaka 1953, chini ya gavana Edward Twining, ikatoka sheria mpya ya serikali za mitaa. Hii ndo iliyoruhusu mabaraza ya wilaya na ya kaunti yenye wajumbe wa rangi zote, Waafrika, Waasia na Wazungu, maana Twining alikua na sera yake kwamba kila jamii ipate viti. Huku kwetu wakajaribu baraza kubwa la kaunti la kusini mashariki mwa ziwa mwaka 1955, kubwa mno, lipo mbali mno, watu wa kawaida hata hawakulifahamu, likafa baada ya miaka michache. Alafu wakashuka ngazi ya wilaya, na Geita ikawa moja ya wilaya za kuanzishiwa baraza la mchanganyiko. Geita ilikua na mgodi wa dhahabu wenye Wazungu na maduka na vinu vya pamba vya Wahindi, kwahiyo kwa mtazamo wa serikali ilionekana ni mahali pazuri pa kujaribia.

Hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo watu wengi wanaelewa vibaya. Nimewahi kusikia watu wakisema Wasukuma wa Geita walikataa baraza kwa sababu ya ubaguzi. Nilimuuliza bibi waziwazi, akasema hapana, kijijini kwao kulikua na Mhindi mwenye duka, mtu mwema, anakopesha mpaka mavuno, na hakuna aliyemchukia. Kilichowaumiza ni vitu vitatu ambavyo walivisema kwa pamoja na huwezi kuvitenganisha. Walikua wamesikia habari za Wameru, kwamba mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ardhi ikapewa walowezi Wazungu, na Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952 kulalamika, Wameru wakasikilizwa lakini ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Kwahiyo ukimwambia mkulima kuna Mzungu ataingia kwenye baraza linaloamua habari za ardhi yako, anaiona Meru. Pili TANU ilikua imekatazwa kwenye Jimbo la Ziwa toka 1954 mpaka 1958, yaani chama cha watu kimefungwa mdomo huku baraza la serikali linafunguliwa na kuitwa la kidemokrasia. Tatu, na bibi ndo alilirudia hili zaidi ya mengine, hawakuulizwa. Iliamuliwa, watemi wakaitwa, wakasema ndio, ikatangazwa kwamba wananchi wameridhia.

Wameridhia. Neno lile lile.

Katikati ya mwaka 1958 watu wa Geita wakaamua kwenda Mwanza wenyewe kumwona Bwana PC, mkuu wa jimbo. Sio kupigana, kuonana nae. Walishaenda kwa watemi, walishaenda kwa Bwana Shauri, hawakusikilizwa. Babu alikua mmoja wao. Bibi alimfungia michembe na matobolwa kwenye kitambaa, viazi vilivyokaushwa, chakula cha safari kisichooza, akamfungia na chumvi, kwa sababu hakujua atarudi lini. Wakatembea mpaka ghubani, wakavuka, wakaingia mjini kwa mamia, wakakaa kwa siku kadhaa wakisubiri kusikilizwa, wengine wa mjini wakawaunga mkono. Mwisho polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi na virungu. Babu alirudi macho mekundu hana viatu, na bibi alisema kwa muda mrefu alikua haongelei siku ile, anasema tu "tulikaa chini kwa adabu."

Vurugu hazikuisha hapo, vijijini watu wakaacha kwenda kwa watemi kabisa, kesi hazipelekwi, kodi inasuasua, sheria za kilimo na za kuogesha ng'ombe zinapuuzwa. Gavana mpya Richard Turnbull akaingia mwaka huo huo 1958, na kabla mwaka haujaisha serikali ikarudi nyuma kwenye lile sharti la mabaraza ya mchanganyiko, na TANU ikaruhusiwa. Kwa hesabu yangu wakulima wa Geita wasio na bunduki walibadilisha sera ya gavana. Kwenye shule nilizosoma mimi hatukufundishwa hili hata kwa mstari mmoja na linaniuma.

Na hawakua peke yao. Upareni mwaka 1945 maelfu walishuka mpaka Same kukataa kodi ya mbiru, ile iliyokua inakadiriwa na watu wa chifu kwa kila mtu kutokana na mali yake, wakaendelea na msimamo mpaka kodi ile ikaondolewa. Kilimanjaro Wachaga walipigania wawe na Mangi Mkuu wa kuchaguliwa, wakampata Thomas Marealle, alafu mwaka 1960 wakapiga kura tena kwamba wanataka rais wa baraza anayechaguliwa kwa muda badala ya Mangi Mkuu wa maisha. Dar es Salaam manispaa ilianza 1949 na madiwani wa kuteuliwa, mpaka 1960 ndo Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa meya wa kwanza Mwafrika. Hata ule uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, TANU waliugombania pale Tabora Januari 1958 wakavutana sana mpaka Nyerere akawashawishi waingie, na aliyeruhusiwa kupiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Babu hakua na hata kimoja. Mtu aliyetembea mpaka Mwanza kudai uwakilishi hakupiga kura.

Nilidhani hadithi inaishia kwenye uhuru. Bibi akacheka kidogo, akasema subiri. Machifu wakaondolewa rasmi mwanzoni mwa 1963, halmashauri za wilaya zikawa za kuchaguliwa, babu akagombea akawa diwani kipindi kimoja, hapo alikua na furaha kuliko wakati wowote. Alafu mwaka 1972 serikali yetu wenyewe ikazifuta halmashauri za wilaya, ikaja madaraka mikoani, maafisa wakatumwa kutoka juu kuja kutupangia maendeleo karibu na sisi, na za mijini nazo zikafuata. Hakuna aliyeandamana kwenda Mwanza safari hii. Babu alirudisha lile daftari la udiwani akaliweka kwenye sanduku. Ilichukua mpaka sheria za 1982, Na. 7 ya wilaya na Na. 8 ya miji, na halmashauri zenyewe kurudi 1984, na ikabidi iandikwe kwenye Katiba ibara ya 145 na 146 kwamba vyombo hivi vipo na madhumuni yake ni kuwapa wananchi madaraka. Babu alifariki 1981. Hakuiona ikirudi.

Mimi siwezi kuwalinganisha Nyerere na Twining, moyo unakataa na ukweli pia unakataa, nia zilikua tofauti kabisa, Nyerere mwenyewe baadae alikiri kwamba kuzifuta halmashauri lilikua kosa. Ila nilichojifunza kutoka kwa bibi ni kwamba mtu wa kijijini haioni nia, anachokiona ni nani kaja na karatasi na kama ameulizwa.

Nilikaa kwa bibi siku tatu. Siku ya nne nikarudi kijijini nikaenda kwanza kwa mwenyekiti, nikamwambia naomba uniitishie sungusungu nije kuomba radhi. Alishangaa. Nikaenda pale mtini, nimevaa kitenge, nikapiga magoti kama mtoto wa kike anavyofanya mbele ya wazee, nikasema yale niliyoandika hayakua kweli. Walinitoza faini ya ng'ombe, mshahara wangu haukua unatosha hata nusu, nikalipa kwa awamu miezi saba. Yule mbuzi wa mjane alikua ameshauzwa, nikamnunulia mwingine, na yeye alinipokea lakini hakuniangalia machoni, ilichukua karibu mwaka ndo akaja siku moja ofisini kuomba barua ya mtoto wake wa sekondari na tukaongea.

Shule ilijengwa. Tulirudi kwa lile swali la yule mzee. Tukaitisha mkutano mwingine, safari hii siku ya gulio jioni watu wakiwa wamemaliza biashara, sio asubuhi ya palizi kama nilivyofanya mara ya kwanza, wakaja zaidi ya 300. Wakabishana saa tatu nzima, kuna wakati nilitaka kuingilia mwenyekiti akanigusa bega. Wakaamua mwenye pesa atoe pesa, asiye na pesa alete mawe tripu kadhaa au asombe mchanga, wazee na wajane waachwe, na kila kitongoji kichague mtu wake mmoja wa kusimamia vifaa, sio mimi wala mwenyekiti kuwateua. Ilichelewa miezi minne kuliko tarehe ya wilaya na nilisemwa sana kwenye vikao huko. Lakini hakuna mgambo aliyetoka na hakuna kuku aliyekamatwa, na mifuko ya saruji haikupotea hata mmoja, maana wale watu wanne walikua wanalala nayo zamu kwa zamu.

Kazi ya utendaji nimeifanya jumla ya miaka 17, vijiji vinne na baadae kata, sasa nimeacha nalima mpunga. Sikufanikiwa kila mahali. Kuna kijiji kimoja nilishindwa kabisa, mwenyekiti alikua amechaguliwa kihalali lakini hakua anasoma mapato na matumizi, nikimkumbusha kwamba mkutano mkuu ni kila miezi mitatu ananiambia mimi nimechaguliwa wewe umeletwa, na kwa hilo alikua na haki, nikajifunza kwamba kuchaguliwa peke yake hakutoshi kama mtu akishachaguliwa harudi tena kwa waliomtuma. Wengine watabisha wakisema watu wenyewe hawaji mikutanoni. Ni kweli hawaji. Lakini mimi nilishaona hawaji kwenye mkutano ambao uamuzi umeshafanyika, na nilishaona wanajaa kwenye ule ambao uamuzi bado haujafanyika, watu wale wale, kijiji kile kile, miezi michache katikati.

Bibi alifariki mwaka 2015. Mwaka mmoja kabla alikuja kunitembelea kituo changu cha tatu, ikawa ndo siku ya mkutano mkuu, akasema nae anataka kukaa. Tukamwekea kiti kivulini. Nilikua nasoma mapato na matumizi ya miezi mitatu, ushuru wa gulio, faini za mifugo, ununuzi wa mabati. Nikafika mwisho nikauliza kama kuna swali. Kijana mmoja muuza samaki akasema mtendaji hapo kwenye mabati umesema 38 na mimi nimehesabu pale zahanati naona yapo 36. Watu wakanigeukia. Zamani ningesema tutalijibu mwishoni. Nikafunga daftari, nikasema twendeni tukahesabu, na mkutano mzima ukanyanyuka tukaenda zahanati, bibi akishikwa mkono na wajukuu anatembea taratibu nyuma, kijana akapanda ngazi akawa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na watu chini wanaitikia, mpaka akafika 38 maana mawili yalikua upande wa nyuma kwenye stoo. Bibi alikua bado hajafika. Ikabidi tumsubiri, na alipofika akaomba wahesabu tena ili na yeye asikie.